Beti ya Mwisho Ilikuwa na Jina Langu

Mimi riziki yangu iko kwenye meno. Ukiniletea mpunga sokoni Ifakara siulizi umetoka bonde gani wala umeuombea dua gani. Natia punje mdomoni, nauma. Punje iliyokauka inavunjika kwa sauti, mbichi inabonyea tu kama inakuomba radhi. Nikishauma ya juu naingiza mkono hadi chini ya gunia, natoa nyingine, nauma tena. Juu ya gunia kila mtu ni mwaminifu.

Tabia hiyo ya kupima mara mbili ndiyo iliyoniingiza kwenye ushairi, hata kama watu hawaamini. Shuleni walipotufundisha kwamba mshororo wa shairi una mizani kumi na sita, nane upande huu na nane upande ule, wenzangu waliguna. Mimi niliona nimefika nyumbani. Ni sahani mbili za mizani ya dukani, na ukipunja upande mmoja kila mwenye masikio anakusikia. Tangu hapo natunga. Nilikuwa natunga nikisubiri wateja, nikihesabu kwa vidole juu ya goti, na wachuuzi wenzangu wakidhani nahesabu faida. Sikuwasahihisha. Mtu anayedhaniwa ana faida hukopesheka.

Mwalimu aliponipokea kwenye kikundi chake cha washairi nilikuwa mwanamke mtu mzima mwenye mashine ya kukoboa ya kukodi na deni la turubai. Yeye alikuwa amestaafu. Alifundisha Chita, kisha akapelekwa Masagati, mbele huko kupita Mlimba, ambako alikuwa akisema hata habari za redioni zilikuwa zinafika zimechoka. Aliporudi Ifakara alijenga nyumba yenye baraza pana, na kila Jumamosi alasiri tulikuwa tunakaa pale: dereva wa bajaji, fundi cherehani, katekista mmoja, na mimi. Tulisomeana beti, tukakosoana, tukanywa chai ya rangi. Mkosoaji mkuu alikuwa yeye. Ungeweza kuleta beti mbili ulizozikesha wiki nzima, akazisikiliza amefumba macho, halafu akasema, "Binti yangu, mshororo wa tatu unachechemea mguu wa kulia." Ukihesabu, kweli, silabi moja haipo.

Ujanani Mwalimu alipelekwa Uingereza kwa kozi fupi ya walimu, akarudi na koti zito ambalo hapa bondeni halina kazi, na kitabu kinene cha maisha ya mshairi wa mfalme. Koti lililiwa na mende. Kitabu mchwa walikijaribu pembeni, wakakiacha. Kila Jumamosi, chai ikishaisha, alikuwa anatufasiria ukurasa mmoja au miwili, na sisi tukawa tunamjua yule Mwingereza wa karne za nyuma kuliko tunavyowajua majirani zetu.

Kule, alitueleza, mshairi ana cheo. Mfalme anamteua na kumlipa, na juu ya malipo anapewa pipa la divai. Kazi yake ni kutunga panapokuwa na jambo kubwa: harusi, vita, msiba wa kifalme. Na huyu wa kitabuni maisha yake yalikuwa na kona nyingi kuliko barabara ya kupanda Mahenge. Kwanza alimsifu mtawala aliyeondoa ufalme. Mtawala alipofariki, mwana wa mfalme wa zamani akarudi, naye akamsifu huyo, akapata cheo. Akaja mfalme Mkatoliki, mshairi naye akawa Mkatoliki. Kisha akaja mfalme Mprotestanti, akamtaka ale kiapo, na hapo mshairi akagoma. Hakuapa. Wakamvua cheo, na cheo chenyewe wakampa adui yake, mtu ambaye yeye mwenyewe alikuwa amemdhihaki kwa beti mbele ya nchi nzima. Uzeeni aliishi kwa kutafsiri washairi wa Roma ya kale.

Mwalimu, Mkatoliki wa kuzaliwa, ukurasa huo aliusoma amesimama.

"Mnaona?" aliuliza. "Huo ndio msimamo."

"Mwalimu," nikasema, "huyo mimi namjua, yupo hapa sokoni. Amegeuka mara ya kwanza, kageuka mara ya pili, ya tatu alipochoka kugeuka mkamwita mtakatifu."

Katekista alicheka hadi chai ikamtoka puani.

"Wewe," Mwalimu akaninyooshea kidole, "ungemwekea bei hata Mtakatifu Petro."

"Kwanza ningeuliza, anauzwa pamoja na funguo?"

Lakini ukurasa aliourudia kuliko yote ulikuwa wa kichochoro. Kulitokea beti za kejeli, zimewavua nguo wakubwa wa ikulu. Hazikuwa na jina. Watu wakasema ni za mshairi wetu, kumbe aliyezitunga zaidi ni bwana mkubwa mmoja, rafiki yake na mfadhili wake. Mshairi akiwa anarudi nyumbani kutoka kwenye mgahawa wa kahawa, wahuni waliolipwa wakamdaka kichochoroni, wakampiga nusura wamuue. Alipigwa kwa beti za mwenzake. Mwalimu alikuwa akifika hapo anafunga kitabu, anavua miwani na kuifuta, na kila mara alikuwa anasema neno lile lile: "Na rafiki yake alikuwa wapi?"

Hilo likumbuke. Mimi nalikumbuka kila siku.

Wazo la kumpatia Mwalimu cheo lilikuwa langu. Niliona haiwezekani mzee mwenye kichwa kile, aliyefundisha nusu ya bonde hili kusoma, afe bila hata kipande cha kitambaa begani. Nikaenda kwa kijana mmoja aliyekuwa anashughulikia mambo ya utamaduni mjini. Nilimkuta anacheza na simu.

"Tunataka malenga wa mji," nikamwambia. "Mtu wa kutunga kwenye shughuli zenu badala ya hawa mnaowakodi wanaosifia soda."

Alilipenda. Vijana wa ofisini wanapenda kitu kipya kisicho na gharama. "Hakuna shida, mama. Tutampa cheti na joho."

"Cheti hakiivi hata ukikichemsha siku nzima. Kule Uingereza wanatoa pipa la divai."

"Mama, divai! Hapa? Padri atatuelewa?"

"Padri ndiye angeelewa kuliko wote. Lakini sawa, ondoa divai. Weka mchele."

"Kilo tano?"

Nilisimama nikaanza kufunga kanga yangu kama mtu anayeondoka. Hiyo ndiyo hesabu ninayoijua vizuri kuliko zote. Kabla sijafika mlangoni tulikuwa kwenye gunia zima, kila msimu wa mavuno, mchele supa, na mchaguzi wa mchele ni mimi. Nikarudi barazani kwa Mwalimu nikamweleza. Aliweka kitabu chini. Kisha akanishika mkono kwa mikono yake miwili, akasema, "Binti yangu, umenivika taji." Jioni ile nilitembea hadi nyumbani, sikupanda hata bajaji. Furaha nyingine ni hasara kuiendesha haraka.

Sasa nieleze uwanja, maana jambo lote liko pale.

Karibu na mashine za kukoboa kulikuwa na uwanja mkubwa, ardhi ngumu iliyokandamizwa na nyayo za miaka. Akina mama wa Katindiuka, pembezoni mwa mji, walikuwa wanaanika mpunga wao pale. Unatandaza turubai, unamwaga mpunga, unaugeuza kwa miguu ukitembea polepole kama mtu anayetafuta sindano, na jua linafanya kazi yake. Mpunga ukikauka vizuri unatoka mashineni mzima, mrefu, unang'aa. Ukiwa mbichi unakatika, unatoka chenga, na chenga bei yake ni ya kulishia kuku. Kwa hiyo kwa mama mwenye ekari moja, uwanja ule ulikuwa tofauti kati ya ada ya mtoto na maneno matupu. Na kwangu pia. Mimi nilinunua kwao karibu msimu mzima.

Ikasikika kwamba pale patajengwa ukumbi wa sherehe. Patazungushiwa ukuta kabla ya mavuno kwisha. Jiwe la msingi litawekwa na wageni, na malenga wa mji atasoma shairi.

Akina mama walikuja kwangu. Waliongozwa na Mwenyekiti wa kikundi chao, mwanamke mrefu asiyekaa akiwa na neno la kusema.

"Dada," aliniambia, "sisi kuandika barua tunaweza. Barua zinaingia droo. Wewe unatunga, na malenga ni mtu wako. Siku ya shughuli hawatakuwa na droo mkononi. Tutungie, tusomewe mbele za watu."

"Mnataka niseme nini?"

"Sema hatukatai ukumbi. Watu waoe, wacheze. Tunaomba wangoje tuvune, na watuoneshe pa kuanika. Basi. Matusi usitie, tutayatia wenyewe baadaye."

Nikatunga beti saba. Sijawahi kuhesabu kwa makini kama siku zile. Kituo, ule mshororo wa mwisho unaorudi kila beti, kilikuwa hiki:

*Uwanja tuachieni, mpunga bado mbichi.*

Nane na nane. Na beti ya saba, kama desturi ya washairi wetu, nikaweka jina langu la ushairi, ili msikilizaji ajue ni nani anayesema na anatoka wapi. Jina hilo sitaliandika hapa. Limeshatumika vya kutosha.

Niliwasomea akina mama kwanza, pale pale uwanjani. Bibi mmoja akaomba kituo kirudiwe, kikarudiwa, akatikisa kichwa akaendelea kugeuza mpunga wake kwa miguu akikiimba. Ndipo nikampelekea Mwalimu.

Alisoma mara moja amefungua macho, mara ya pili amefumba. "Hakuna mguu unaochechemea," akasema.

"Watakubali lisomwe, Mwalimu?"

"Mimi ni malenga wao, si spika yao. Beti zako hazitaguswa."

Akanishika mkono kwa mikono miwili, kama siku ile ya taji. Nikawaambia akina mama: amenishika mkono. Nikawahakikishia kwa jina langu.

Siku ya shughuli waliweka maturubai ya kivuli juu ya uwanja ule ule, viti vya plastiki vyeupe kwa wageni, na muziki mkubwa. Akina mama walisimama upande wa mashine, wamevaa kanga za sare. Mwenyekiti alinikonyeza. Mimi nilikaa mstari wa pili kwa sababu nilikuwa nimeleta gunia la malenga, limefungwa utepe, limesimama mbele kama mgeni rasmi. Nililichagua mwenyewe. Niliuma punje hadi taya likauma.

Mwalimu alipanda amevaa joho. Akakohoa, akasalimu, akasema shairi hili ni sauti ya akina mama wa Katindiuka. Makofi. Beti ya kwanza ilifunguliwa kwa maneno yangu: salamu kwa wageni, habari za jua na mpunga. Mimi nilikuwa nimeshaweka vidole gotini, nahesabu, si kwa wasiwasi, kwa mazoea tu. Kikaja kituo.

*Uwanja twawaachia, mpunga umekauka.*

Nilidhani masikio yangu yana kasoro. Beti ya pili, akina mama wanashukuru. Ya tatu, wamekaa wakashauriana, wameona maendeleo hayasubiri. Ya nne, wanautoa uwanja kwa mikono miwili, hawadai pengine. Na kila beti ikishuka kwenye kituo kile. Vidole vyangu vikaendelea kuhesabu vyenyewe, kama kuku aliyekatwa kichwa ambaye bado anakimbia. Nane, nane. Nikahesabu tena. Nane, nane. Hakukosea hata silabi moja. Ningesikia mshororo mmoja unachechemea ningesema mzee ameshikiwa bastola, ameandika anatetemeka. Shairi lilisimama wima kama askari.

Kisha beti ya saba. Jina langu. Jina langu zima, na mji wangu, na maneno kwamba mimi ndiye niliyetunga kwa niaba ya wenzangu.

Makofi yalikuwa makubwa. Kijana wa utamaduni alinigeukia akanionesha dole gumba. Nilitazama upande wa mashine. Akina mama hawakupiga kelele. Mwenyekiti alinitazama kama anavyotazamwa mtu uliyemwachia mzigo stendi ukaenda kununua maji, ukarudi mzigo haupo. Halafu wakaanza kukunja maturubai yao, moja moja, wageni wakadhani ni sehemu ya ratiba. Mbele, Mwalimu alikuwa anakabidhiwa gunia lake.

Kesho yake, baada ya misa ya pili, nilikwenda kwake. Alikuwa barazani, miwani juu ya kitabu. Gunia lilikuwa limeegeshwa nyuma ya mlango, utepe bado upo.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, binti yangu. Kaa."

Sikukaa. Lakini shikamoo nilikuwa nimeshaitoa, na ndicho kilichoniudhi zaidi: mdomo wangu ulikuwa haujapata habari.

"Najua umekasirika," akasema. "Waliniita juzi jioni. Juzi, jioni kabisa! Wakaniambia shairi kama lilivyo halisomwi. Ama libadilike, ama shughuli ipite bila malenga. Ningefanya nini? Nilikuokoa hata wewe. Ungejulikana mchochezi, na leseni yako ya biashara iko mezani kwa hao hao."

Alikuwa na sauti ile ile ya kufundishia. Nusura nimwamini, maana nilitaka kumwamini. Nikahesabu mara ya pili.

"Mwalimu, vina vyangu vya mwisho vilikuwa vya *chi*. Vyako ni vya *ka*. Umebadili vina vya beti saba, vya kati na vya mwisho, na hakuna neno moja lililolazimishwa. Wewe beti mbili zinakuchukua wiki. Umezitunga saba jioni moja?"

Akavua miwani ambayo hakuwa ameivaa. Yaani mkono ulikwenda usoni ukakuta hakuna kitu, ukarudi.

"Lini walikuambia?" nikauliza.

Akaichukua miwani juu ya kitabu, akaivaa.

"Mwalimu. Lini?"

"Kabla hujaniletea," akasema. "Waliniambia mapema kwamba wanataka shairi la kukubali. Ulipokuja na lako… nikaona lina umbo zuri."

"Siku ile uliponishika mkono, ulikuwa unajua."

"Nilijua nitaombwa. Sikujua nitakubali."

"Na jina langu? Si ungeweka lako? Wewe ndiye mwenye joho."

Alitazama barabarani, kulikuwa na mtu anapita na baiskeli ya kuku. "Langu lingesaidia nini? Mimi sina mpunga. Wakubwa walitaka sauti ya akina mama, na akina mama sauti yao ni wewe. Ningeweka langu, watu wangesema mzee amenunuliwa."

Nikaelewa. Miaka yote hii nauza na kununua, na sikuitambua bidhaa iliyokuwa mezani. Haikuwa shairi. Shairi angeweza kuwapa jingine. Bidhaa ilikuwa jina langu, na muuzaji hakuwa mwenye mali.

"Yule wako wa kichochoroni," nikamwambia, "alipigwa kwa beti za rafiki yake. Umetusomea mara ngapi? Kila ukimaliza unauliza, na rafiki yake alikuwa wapi. Sasa nimejua alikuwa wapi. Alikuwa barazani, anatafuta vina."

"Binti yangu," akasema polepole, "mshairi wa mfalme lazima awe na mfalme. Bila hivyo ni mzee tu anayehesabu vidole."

"Ungekaa kimya. Mtu wako alikaa kimya, hakuapa."

"Alikaa kimya akiwa ameshakula cheo miaka mingi. Mimi nimekipata juzi."

Hilo lilikuwa jibu la kweli kuliko yote aliyonipa, na alilisema kwa aibu, na mimi bado sijui kwa nini liliniuma zaidi ya uongo. Chai aliyonimiminia niliiacha inapoa.

Sokoni mambo hayakuchelewa. Akina mama wa Katindiuka walipita mbele ya meza yangu na magunia yao kichwani na kwenye baiskeli, wakaenda kwa dalali wa kona ya pili, mtu ambaye anapima mpunga kwa kuutazama tu. "Habari za asubuhi, dada," walisema. Adabu haikupungua. Afadhali wangenitukana, tusi ungeweza kulijibu.

Niliwafuata barabarani. Uwanja ulikuwa umeshazungushiwa mabati, kwa hiyo walikuwa wanaanika pembezoni mwa lami, wamepanga mawe kuzuia bodaboda. Kila lori likipita linapuliza vumbi na mchanga juu ya turubai. Mwenyekiti alikuwa anafagia punje zilizorukia barabarani, jicho moja kwenye magari.

"Lile halikuwa langu," nikamwambia.

"Lilikuwa na jina lako."

"Amelibadilisha. Mlilisikia la kwanza, si niliwasomea?"

"Tulilisikia." Akaendelea kufagia. "Tukasikia na la pili. Yote yanaimbika, yote yana jina lako. Mimi sijasoma sana, dada. Lipi ulitunga kwa moyo na lipi ulitunga ukishaona gunia, nitajuaje? Wenzangu wanasema lile la kwanza lilikuwa la kutunyamazisha tusiende wenyewe. Na kweli hatukwenda."

Kweli hawakwenda. Walikuwa na miguu yao na midomo yao, na mimi niliwaambia wakae, nimeshikwa mkono.

"Ningewasomea tena," nikasema, "la kwanza."

"Soma. Barabara si yetu."

Nikasimama kando ya lami nikalisoma, malori yakinikatisha. Nilifika beti ya sita nikanyamaza. Ya saba sikuisoma. Mwenyekiti aliinua uso, anasubiri jina.

"Limeisha?"

"Limeishia hapo."

Yule bibi wa siku ile alikuwa anageuza mpunga wake kwa miguu. Hakunitazama. Lakini nilimsikia, chini chini, *mpunga bado mbichi*, anageuka, *mpunga bado mbichi*. Mwenyekiti alimtazama yeye, kisha mimi. Hakusema amenisamehe, na ninavyomjua hatasema. Alinirushia fagio. "Upande ule," akasema, "kabla lori halijaja."

Siku hizi wameanza kuniuzia tena, wachache. Wanakuja na kilo zao wameshazipima kwingine, na nikipima wanaomba nipime tena. Zamani mimi ndiye niliyekuwa napima mara mbili. Sioni kosa lao. Na mashairi bado natunga, ila nimeacha beti ya jina. Dereva wa bajaji ananiambia shairi bila jina ni kama gari bila namba. Namwambia lisilo na namba nalo linafika. Kikundi cha Jumamosi kimebaki na yeye na katekista. Mimi na fundi cherehani hatuendi.

Msimu uliofuata kijana wa utamaduni akaja mezani kwangu, anatabasamu. "Mama, gunia la malenga. Tuchagulie kama mwaka jana."

"Safari hii nunueni moja kwa moja kwa akina mama wa lami," nikamwambia. "Ndio walioutoa uwanja kwa mikono miwili. Wapeni biashara."

Aliona ni wazo zuri. Akanunua, wakamkobolea, akapeleka. Sikutia mkono. Mchele ulioanikwa barabarani una mchanga mwembamba. Unaweza kuuosha maji matatu na bado ukausikia kwenye meno. Mji mzima tunakula hivyo sasa.

Baada ya wiki kadhaa nilimwona Mwalimu anakuja kati ya meza, amezeeka mabega, mkononi ana kifuko kidogo. Alimwaga mchele kiganjani, akaunyoosha mkono mbele yangu kama mteja mwenye malalamiko.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba." Alingoja. Nami nikangoja. Nilidhani labda amekuja kwa jambo lile, na niseme kweli, kama angesema neno moja tu ningemtolea kiti. Akasema, "Mchele una mchanga. Nimevunja jino. Ulichagua wewe?"

Nilichukua punje kiganjani kwake, nikauma. Kisha nikachukua ya pili. Nzuri, imekauka, na mchanga upo.

"Hapana, Mwalimu," nikamjibu. "Huo jina langu halimo."